Sahani Isiyo na Kipele

Sehemu ya Kumi na Saba

Haya, tusipotezeane muda. Tulimwacha Pilipili mkono ukiwa bado hewani na sahani imeshamtoka. Tulimwacha Kijiko, binti wa miaka kumi na saba, amesimama mlango wa jikoni, ndani ya kaunta, akiinua sinia kujikinga uso kama anavyofanya kila wiki. Na nyinyi wasomaji wangu mkabaki mnanisema siku saba nzima, kana kwamba sahani niliirusha mimi.

Sahani ilifika.

Haikuvunjika kwenye sinia. Iligonga ukingo, ikaruka, ikampata Kijiko juu ya jicho la kushoto, kisha ikaenda kupasukia ukutani kwa mlio ambao studio ile haikuwahi kuusikia kwa miaka saba. Sahani za kuvunja hulia kama biskuti. Hii ililia kama sahani.

Binti akakaa chini. Hakuanguka, alikaa, taratibu, kama mtu aliyechoka na safari. Kitu chekundu kikaanza kumshuka shavuni.

Na watu wakacheka.

Msiwalaumu haraka. Katika kile kichekesho cha vijana, Pilipili ni mwenye mkahawa asiyeweza hata kuomba chumvi bila kufoka, na Kijiko ni mhudumu wake, ambaye haipiti wiki bila kumwagikiwa na kitu. Wiki iliyotangulia alimwagikiwa unga. Siku hiyo zamu ilikuwa ya sosi ya nyanya, imeandikwa kwenye skripti, na chupa yenyewe ilikuwa pale kwenye kaunta, wazi. Mpiga picha akasogea karibu na kamera yake, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Inuka!" Pilipili akapiga kelele. "Kijiko, inuka!"

Wakazidi kucheka.

"Kata! Nasema kata! Mtoto ameumia!"

Mwongozaji, aliyekaa mbele ya skrini yake, akajipiga paja. Alidhani mzee anaongeza maneno ya kwake, tena hajawahi kuongeza matamu kama hayo. Mtu ukishazoeleka kwa kufoka, siku utakayofoka kuomba msaada nani atajua? Sauti ni ile ile, na mishipa ya shingo ni ile ile.

Aliyekata ni mama yake Kijiko. Huyu mama huja na bintiye kila siku ya kazi, hukaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, sindano na uzi mkononi, anafuma. Aliziruka nyaya, akamsukuma mpiga picha kwa bega, akapiga magoti. Akaigusa ile nyekundu kwa kidole na kuinusa.

"Hii si nyanya," akasema.

Kikaja kitambaa, likaja gari, wakaondoka mbio kwenda hospitali, mama na mtoto, sweta la nusu mgongo limebaki kwenye kiti.

Pilipili hakuondoka pale kaunta. Inafaa nikuambie, kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kusoma hadithi hii: mzee huyu nje ya kamera hana hata sauti ya kumfukuza kuku. Akipewa chai baridi huinywa baridi. Hasira zake zote ni za kuandikiwa, na akivua aproni anaziacha msumarini pamoja na aproni. Hivyo ndivyo watu walivyomjua. Hata yeye ndivyo alivyojijua, mpaka asubuhi hiyo.

Mke wake alikuwa ameinama, anaokota vipande. Kazini humwita Mama Sahani, kwa sababu vifaa vyote vya mkahawa ule wa kuta tatu viko chini yake, na sahani za kuvunja huzipika yeye mwenyewe. Huyeyusha nta, huichanganya na unga wa chokaa, humimina kwenye kalibu yenye umbo la sahani. Ikiganda, huipaka rangi mpaka wewe na mimi tungeipakulia wali. Kisha kwa chini huidondoshea tone moja la nta, likawa kipele kidogo kama cha ngozi.

Kipele hicho ndicho lugha ya wawili hao. Kabla ya kurusha, Pilipili hupitisha kidole gumba chini ya sahani. Kikikuta kipele, arushe. Kisipokikuta, aiweke chini, hata kama kamera inaendelea. Miaka saba kidole hakikuwahi kukosea.

Mama Sahani akageuza kipande kikubwa. Chini kilikuwa laini. Akamtazama mumewe, akarudisha macho kwenye kipande.

"Nani ameweka sahani ya kweli kwenye rafu ya kuvunja?" Mwongozaji aliuliza. Sasa hakuwa na kicheko hata cha dawa. "Nani? Nataka jina!"

"Mimi," Mama Sahani akajibu. "Nilichanganya."

*

Walipobaki wawili ndani ya stoo ya vifaa, Pilipili alifunga mlango.

"Kwa nini umejitwika?"

"Kwani nimesema uongo?"

"Wewe hujawahi kuchanganya sahani tangu nikuoe."

Mama Sahani akavuta sanduku, akafungua. "Leo nilimimina sita. Nimezitoa kwenye rafu sasa hivi. Hesabu." Zilikuwa sita. "Uliyorusha ni ya saba. Nani aliiweka juu ya zangu, sijui. Ila nakuuliza kitu kimoja, mume wangu, na usinijibu kama hutaki. Kidole chako kiligusa nini?"

Pilipili akatazama ndoo ya nta.

"Mambo yalikwenda haraka," akasema.

"Miaka saba hujawahi kurusha bila kupapasa."

"Sikumbuki."

"Sawa."

Ile "sawa" ilimuuma kuliko tusi. Maana alikumbuka vizuri sana. Alikumbuka uzito. Alikumbuka kidole kinazunguka mara ya kwanza, hakuna kitu, kinazunguka mara ya pili, hakuna kitu. Na alikumbuka kwamba katika ile nafasi ndogo, isiyotosha hata kupiga chafya, kichwani mwake lilipita neno moja tu: acha.

Siyo acha usirushe. Acha iende.

"Nilikuona asubuhi," mkewe akasema polepole. "Mlangoni pale, chumba cha vipodozi. Ulisimama ukaondoka."

Ndiyo, alisimama. Aliwakuta wamezunguka, mpambaji na msusi na nusu ya waigizaji, na katikati yao Kijiko, karatasi mpya za skripti mkononi, anamwigiza yeye. Anatembea amejishika kiuno. Anasahau neno, anafumba jicho moja kulitafuta. Anafoka mpaka anakohoa. Karatasi zenyewe zilikuwa zimeshamfikia hata yeye, zimesukumwa chini ya mlango kama tangazo la maji kukatwa: baada ya vipindi vitatu mwenye mkahawa anauza na kwenda zake, na mhudumu anakuwa bosi. Hasira zake zote za miaka saba anarithishwa mtoto, na mtoto anazifanyia mazoezi hadharani.

Hayo yote angeyameza. Ameyameza makubwa kuliko hayo. Lakini katika kile kicheko alisikia kicheko kimoja anachokijua hata gizani.

"Na mimi nilicheka," Mama Sahani akasema. Macho yalikuwa yamemjaa. "Alivyojishika kiuno. Nilicheka kabla sijajizuia. Nikageuka, nikakuona mgongo unaondoka. Kwa hiyo usiniulize kwa nini nimejitwika."

Mzee akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, mlango ukasukumwa.

"Mama Sahani, umeokoka!" Mwongozaji aliingia anahema. "Siyo wewe! Njooni muone."

*

Walisimama watatu mbele ya skrini. Picha ikarudishwa nyuma.

Hapo ni Kijiko anaingia. Anafuta meza. Meza imejaa, hana pa kuweka sahani aliyobeba, sahani ya kweli ambayo waigizaji wenzake walikuwa wakiitumia kula. Anageuka, anaipachika juu ya sahani za rafu ya kushoto. Rafu ya kuvunja. Anaendelea na maneno yake wala hatazami nyuma.

"Mwenyewe!" Mwongozaji akapiga kofi. "Kwa mkono wake mwenyewe! Hakuna wa kulaumiwa. Bahati mbaya, tena ya kujitakia."

"Endelea," Pilipili akasema.

Picha ikaendelea. Pilipili wa kwenye skrini akafoka, akanyoosha mkono rafuni, akachukua sahani. Pilipili wa nje akashika ukingo wa meza. Sasa. Sasa kidole kitaonekana.

Hakikuonekana. Kamera ilikuwa upande wa wateja, na chupa ya sosi na kaunta vilificha mkono wote mpaka kwenye kiwiko. Lililoonekana ni bega, likitulia kidogo, kisha likarusha.

Mzee akashusha pumzi, na papo hapo akaona haya kwa kuishusha.

"Sikilizeni," Mwongozaji akasema, sauti imeshuka. "Mama wa mtoto ameshapiga simu polisi. Askari yuko njiani kwenda hospitali kuandika maelezo. Mzee, wewe andika mstari mmoja tu: sikujua kuwa ni ya kweli. Mtoto aandike kwamba aliiweka yeye. Yamekwisha. Na zile karatasi za wewe kuuza mkahawa," akafanya ishara ya kuchana, "mimi sijaziona. Mkahawa ni wako mpaka uzeeke."

Mnaona shetani anavyokuja na tabasamu? Kitu alichokililia mzee moyoni tangu asubuhi, sasa analetewa kwenye sinia.

"Mtoto aandike kosa lake na nyuzi ziko kwenye paji la uso?" Mama Sahani akauliza.

"Si ndiye aliyeiweka?"

"Rafu ni yangu. Kabla kamera haijawaka ni mimi wa kuikagua, na wakati inawaka ni mimi wa kuikodolea macho. Siwezi kumwachia mtoto mzigo wa rafu yangu."

"Shauri yenu. Huyu au yule, mimi nataka jina moja. Chagueni kabla askari hajafika."

Wote wawili walimtazama Pilipili. Akasema atatangulia hospitali.

*

Wodi ilikuwa na vitanda vinne na pazia moja. Kijiko alikuwa kitanda cha dirishani, jicho limevimba, nyusi imefunikwa bandeji. Mama yake alikuwa ameenda dirisha la dawa.

"Shikamoo, mzee."

Hata hapo hakusahau adabu. Pilipili akavuta kiti cha wageni, akakaa.

"Marahaba, mwanangu. Unajisikiaje?"

"Nyuzi saba. Daktari anasema kidogo tu ingekuwa jicho." Kisha akaanza kusema haraka haraka. "Mzee, ni kosa langu. Ile sahani niliiweka mimi. Meza ilijaa, nikasahau."

"Usiseme hivyo."

"Na asubuhi nilikuona. Niliona watu wanageuka mlangoni. Waliniambia nijifunze kufoka kama wewe, kwa sababu... kwa sababu ya zile karatasi. Mimi siwezi kufoka. Nimejaribu nyumbani mpaka jirani akagonga. Ndiyo nikaigiza unavyotembea, ili wacheke, wasigundue kwamba siwezi. Nisamehe."

Pilipili akawa anatazama sakafu. Alikuwa amemjengea mtoto huyu kesi nzima kichwani, shahidi na hukumu, na sasa kesi yote imeanguka kwa maneno kumi. Hasira hasara, tunawaambia watoto kila siku. Yeye alikuwa amekaa na hasara yenyewe, imelala mbele yake na bandeji.

"Mzee."

"Naam."

"Kidole chako leo kilizunguka mara mbili."

Pilipili akainua macho kutoka sakafuni.

"Mimi huwa nakitazama," Kijiko akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Nikiwa mlangoni nakiona vizuri, nyuma ya kaunta. Ndicho huniambia lini niinue sinia. Kikizunguka kikatulia, nainua. Leo hakikutulia. Kilizunguka, kikazunguka tena. Nikasema ah, leo ataiweka chini. Ndiyo maana nilichelewa."

Pazia lilitikiswa na upepo. Kitanda cha pili mtu alikohoa.

"Nilijua," Pilipili akasema. Ilikuwa sauti ndogo, ile yake ya nyumbani. "Nilijua si ya kuvunja. Sikutaka ikupate, Mungu shahidi. Nilitaka isikike. Mara moja tu nitupe kitu cha kweli."

Kijiko hakulia. Alifikiri, jicho moja limefumba, vile vile alivyomwigiza yeye asubuhi, ila safari hii hakuwa anaigiza.

"Sitamwambia mtu," akasema. "Hata mama."

Jamani, kuna msamaha unaobeba na kuna msamaha unaoponda. Huu ulimkalia mzee kifuani kama gunia. Binti ambaye yeye alimpasua uso ndiye anayejitolea kumfichia, na mkewe ambaye yeye alimchukia tangu asubuhi ndiye anayejitolea kufungwa kwa ajili yake. Na yeye, mwenye mkahawa, bingwa wa kufoka, amekaa kwenye kiti cha wageni anahifadhiwa kama yai.

Nje zikasikika hatua nyingi.

*

Waliingia pamoja: Mama Kijiko na mfuko wa dawa, Mwongozaji, Mama Sahani, na askari mnene mwenye daftari na kalamu sikioni. Nesi akasimama mlangoni kutazama, kama manesi wanavyotazama mambo yasiyowahusu.

"Mimi nina maswali machache tu," askari akasema. "Anayehusika na hiyo rafu ya vyombo ni nani?"

"Mimi," akasema Mama Sahani, akapiga hatua mbele. "Sikukagua. Uzembe ni wangu."

"Siyo yeye!" Kijiko akajiinua kitandani. "Mimi ndiye niliyeiweka ile sahani!"

"Lala chini," mama yake akamwambia, bila kumwondolea macho Mama Sahani.

"Sasa hapo mnanichanganya," askari akasema. "Wanaolilia kosa wako wawili. Kazini kwangu siku zote watu hulikimbia. Wewe mama, kosa la uzembe uliomjeruhi mtoto mdogo, unajua kwamba nikiandika hivyo tunaondoka wote kwenda kituoni?"

"Najua. Andika."

"Ni mimi," Pilipili akasema.

Hakuna aliyesikia. Alikuwa amesema kwa sauti yake halisi, na sauti yake halisi haikuwahi kumfikia mtu wa tatu. Askari alikuwa ameshachomoa kalamu sikioni. Mama Sahani alikuwa anavua saa yake ya mkononi, anamkabidhi mumewe bila kumtazama, kama anayekwenda kuoga.

"Ni mimi, bwana askari."

"Subiri kidogo, mzee, zamu yako itafika. Jina kamili, mama?"

Saa ya mkewe ilikuwa bado na joto kiganjani. Hapo kitu kikakatika ndani yake, na ikatoka ile sauti nyingine, ile ya mishipa ya shingo, ile inayotetemesha glasi za studio.

"NI MIMI! Hamsikii? Ni mimi niliyerusha! Nilijua ni sahani ya kweli, nimeipapasa mara mbili, nikajua, nikamrushia mtoto wa watu!"

Kalamu ikamwanguka askari. Akamkodolea macho mzee, kinywa wazi. Kisha uso wake wote ukafunguka.

"Pilipili!" akapiga kelele, akacheka mpaka tumbo likaruka. "Ah, mimi nasema sura hii naijua wapi! Pilipili mwenyewe! Watoto wangu nyumbani hawatanisadiki!"

Nesi akaziba mdomo, akashindwa, akacheka. Nyuma ya pazia mgonjwa asiyeonekana akacheka akakohoa. Mwongozaji akadakia upesi, akicheka kwa meno tu: "Ndivyo alivyo huyu mzee, bwana askari. Hawezi kuona watu wamekusanyika asiigize."

"Siigizi!" Pilipili akafoka, machozi yanamtoka. "Nasema kweli!"

Wakazidi kucheka. Askari alikuwa ameinama anatafuta kalamu chini ya kitanda, anajifuta macho. Mama Sahani akaketi ukingoni mwa kitanda, mikono usoni. Kijiko aligeukia dirishani.

Mtu mmoja tu hakucheka wala hakujificha. Mama Kijiko alikuwa haangalii uso wa mzee hata kidogo. Alikuwa anaangalia mkono wake wa kulia, ulioshika saa ya mkewe, na kidole gumba kilichokuwa kinaipapasa saa ile kwa chini, kinazunguka, kinazunguka tena, mwenyewe hana habari.

Akauweka mfuko wa dawa kitandani. Akamgeukia askari.

"Nyamaza wewe," akamwambia, na askari akanyamaza. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya Pilipili, magoti kwa magoti.

"Rudia ulichosema, mzee," akasema. "Bila kelele."